Jina la Afrika na Maana Tunazolitwisha

Mwaka uliopita, katika mtihani wa somo la etimolojia, niliwapa wanafunzi swali nililodhani ni la kuwapumzisha baada ya maswali magumu: eleza asili na maana ya jina Afrika. Karatasi ziliporudi, karibu zote zilikuwa na jibu moja. Afrika ni neno la Kigiriki lenye maana ya "pasipo baridi". Au ni la Kilatini, "penye jua". Au ni la Kiarabu, "kutenga". Au ni la Kiberberi, "pango". Au ni la Kimisri cha kale, na hapo kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Maana tano zimepangwa mstari mmoja, kila moja ikiaminiwa sawa na mwenzake. Nilikuwa nimekwisha kushika kalamu nyekundu nilipotambua kwamba orodha ile, pamoja na mpangilio wake na hata kosa moja la tahajia, ilitoka katika silabusi yangu mwenyewe. Nami nilikuwa nimeinakili, nilipokabidhiwa somo, kutoka katika maelezo ya aliyenitangulia.

Makala haya basi ni uhakiki, na wa kwanza kuhakikiwa ni mwandishi. Hata hivyo jambo lenyewe si la silabusi moja tu. Orodha hiyo hiyo husomwa katika vitabu vya shule, hutajwa kwenye mimbari na katika hotuba za siku ya uhuru, na watu wazima hujenga juu yake hoja nzito: kwamba jina hili ni tusi tulilotupiwa, au kwamba ni siri ya mababu iliyofichwa, na kwa hiyo libadilishwe au litukuzwe. Hapa kwetu Kongo tunajua kwamba hoja za namna hiyo zinaweza kubadilisha jina la nchi nzima kwa siku moja.

Kosa la orodha si kwamba kila kilichomo ni uongo. Kosa ni kuweka pamoja vitu visivyo vya aina moja. Asili ya neno ni jambo la historia: lina wakati wake, mahali pake, na mtu aliyelitamka au aliyeliandika. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. Lugha za dunia ni nyingi na sauti za kinywa cha binadamu ni chache. Mwenye kamusi na subira atapata neno la kufanana na "Afrika" katika lugha yoyote aipendayo. Ndiyo sababu mwanaisimu, kabla ya kuuliza jina lina maana gani, huuliza limeonekana kwanza lini na wapi, nani alimwita nani hivyo, na ndani ya neno lenyewe mzizi unaishia wapi na kiambishi kinaanzia wapi. Swali hili la mwisho lilisahauliwa kabisa katika silabusi yangu, nalo ndilo linaloamua karibu kesi nzima.

Tuanze nalo. Waandishi wa Kilatini hawakuanza na nchi, walianza na watu. Wenyeji waliokaa jirani na Kartago, katika sehemu ambayo leo ni Tunisia, waliwaita Afri, na mmoja wao Afer. Mtunzi wa michezo ya kuigiza aliyefariki yapata mwaka 159 K.K., ambaye kwa mapokeo alizaliwa Kartago na kufikishwa Roma akiwa mtumwa, aliitwa Publius Terentius Afer. Katika jina hilo hakuna k. Hiyo k inaingia pale Warumi wanapotaka kutaja nchi ya watu hao, na wanapofanya hivyo wanaongeza kiambishi -ica, ambacho katika Kilatini huunda vivumishi: Africa terra, yaani "nchi ya Afri". Baadaye neno terra likaachwa, kivumishi kikasimama peke yake kama nomino, vile vile tunavyosema "Kiswahili" bila kutaja tena neno "lugha".

Mzizi basi ni Afr-, na yaliyobaki ni kazi ya sarufi ya Kilatini. Msomaji akilishika hilo, ataona maelezo matatu ya kwanza ya orodha yakianguka pamoja, kwa kuwa yote matatu yanaihitaji k ndani ya mzizi.

Maelezo ya Kigiriki yanasema a- ni kikanushi, na phrike ni baridi. Maana ya kwanza ya phrike ni mtetemeko wa mwili, hasa wa hofu. Baridi inafuata nyuma. Lakini hata tukiwaachia hilo, Wagiriki wenyewe hawakuliita bara hili Afrika. Waliliita Libya, na jina la Kilatini walilipokea baadaye kama tunavyopokea neno la kigeni. Ni ajabu watu watunge jina kwa lugha yao, wasilitumie, kisha waliazime kwa jirani. Na yeyote aliyelala Lubumbashi mwezi wa Juni bila blanketi atakuwa na neno lake la kusema juu ya bara lisilo na baridi.

Maelezo ya Kilatini, yaani aprica, "penye jua", yamo katika kitabu cha Isidorus, askofu wa Sevilla aliyefariki mwaka 636. Yeye aliamini kwamba jina la kitu linafunua tabia yake, na kwa imani hiyo alikusanya maneno ya Kilatini kwa maelfu, akiyaunganisha kwa sauti. Lakini p ya Kilatini katika nafasi hiyo haigeuki f, na Afri walikwisha kuitwa Afri karne nyingi kabla ya askofu huyo kutazama jua lao.

Maelezo ya Kiarabu, faraqa, "kutenga", yametujia kupitia mtu ambaye maisha yake yanavutia kuliko etimolojia yake. Al-Hasan al-Wazzan alizaliwa Granada, akakulia Fez, akatekwa baharini mwaka 1518, akapelekwa Roma, akabatizwa na papa Leo wa Kumi mwaka 1520. Tangu hapo Ulaya inamjua kwa jina la Leo Africanus. Kitabu chake juu ya Afrika kilichapwa Venezia mwaka 1550, na humo alieleza kwamba bara linaitwa hivyo kwa kuwa bahari imelitenga na Ulaya na sehemu ya Asia. Maelezo ni mazuri kwa mchoraji wa ramani, lakini tarehe zinayakataa. Jemadari Scipio alipewa lakabu ya Africanus baada ya kumshinda Hannibal huko Zama mwaka 202 K.K.; Roma ilipoibomoa Kartago mwaka 146 K.K., iliifanya nchi ile jimbo lake lenye jina la Africa. Majeshi ya Waarabu yaliitwaa Kartago mwaka 698 B.K. Walilikuta jina limezeeka, wakaliingiza katika sauti zao likawa Ifriqiya. Mjukuu hamzai babu.

Yapo pia maelezo ya kifalme, ambayo silabusi yangu haikuyataja, nayo yanastahili kutazamwa. Mwanahistoria Myahudi Josephus, katika karne ya kwanza B.K., alisema jina linatokana na Eferi, mjukuu wa Ibrahimu, aliyeipigania Libya na kuitwaa. Waandishi kadhaa wa Kiarabu walimtaja mfalme wa Yemeni, Ifriqish, aliyevamia magharibi na kuiachia nchi jina lake. Tena walisema kwamba alipowasikia wenyeji wakibwabwaja lugha asiyoielewa ndipo akawaita Waberberi. Hadithi hizi mbili zinafanana kwa jambo moja: wenyeji hawana jina mpaka apite jemadari mgeni awape. Aliyeipinga ile ya pili kwa ukali ni mtu wa Ifriqiya yenyewe, Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis mwaka 1332. Hakuhitaji isimu. Alitazama njia: jeshi litokalo Yemeni kwenda Maghribi kwa nchi kavu lazima lipite Suez, likanyage nchi za watu wengine wenye nguvu zao, lile chakula chao na kunywesha wanyama kwenye maji yao, nani amewahi kusimulia kwamba walipigana nao? Kwa maoni yangu kurasa chache zile zinafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kabla hajaanza kufungua kamusi.

Sasa tuje kwenye maelezo ya kisasa, na hapa natamani kusema kwa upole, maana yanapendwa na watu ninaowaheshimu. Mwingereza Gerald Massey, mwaka 1881, alilichambua jina hili kwa Kimisri cha kale akapata maana ya kurejea kwenye mahali pa kuzaliwa. Baada yake, katika maandishi ya karne ya 20 yaliyotaka kuwarudishia watu weusi heshima yao, likaenea jina Alkebulan, linalosemwa kuwa ndilo jina la kweli la bara, "mama wa wanadamu". Nalielewa shauku hilo. Mtu aliyeitwa kwa majina ya wengine kwa muda mrefu anatafuta jina alilojiita mwenyewe. Lakini shauku si hati. Wamisri waliandika kwa miaka elfu tatu, wakataja majirani zao mmoja mmoja kwa majina, bila kuwa na jina la bara zima, kwa sababu hawakuliona kama kitu kimoja. Ama Alkebulan, mwanzo wake unajifanya Kiarabu, lakini wanajiografia wa Kiarabu walioandika juu ya bara hili kwa karne nyingi walisema Ifriqiya, Maghrib, Bilad as-Sudan, Habash, Zanj, Alkebulan halimo. Kuwapa mababu jina ambalo hawakulitamka ni kuwanyang'anya majina waliyoyatamka.

Yanabaki maelezo mawili yanayopita mtihani wa k. La kwanza ni la Kifoinike, lugha ya Kartago: neno la jamii ya afar, "vumbi". La pili ni la Kiberberi: ifri, "pango", ambalo tunalikuta pia katika jina la Banu Ifran, kabila mashuhuri katika historia ya Maghribi. Wengi siku hizi wanaliegemea hili la pili, nami pia, kwa sababu moja rahisi: kama Afri walikuwa wenyeji, busara ni kutafuta jina lao kwanza katika lugha ya wenyeji. Lakini kati ya kuegemea na kuthibitisha pana umbali, na silabusi haina budi kuuonyesha umbali huo badala ya kuandika "pango" na kupiga mstari chini yake.

Msomaji atauliza: kama ndivyo, je, kazi yote hii imetufikisha kwenye pango tu? Hapana. Jambo kubwa la jina hili haliko katika mzizi wake. Liko katika ukuaji wake.

Herodoto, katika karne ya 5 K.K., alishangaa kwamba nchi kavu, ambayo ni moja, imepewa majina matatu, tena ya wanawake: Libya, Asia na Europa. Alikiri kwamba hakuona sababu. Jina Libya lilitokana na kabila ambalo Wamisri walilitaja katika maandishi ya farao Merneptah, mwishoni mwa karne ya 13 K.K.: Libu, watu wa magharibi ya Misri. Wagiriki waliofika kwa mashua kwenye pwani ile walikutana na watu hao, wakawafanya jina la yote yaliyokuwa nyuma yao. Baadaye Warumi wakaja kwa upande mwingine, wakakutana na Afri, nao wakafanya vilevile. Plinius, katika karne ya kwanza B.K., aliweza kuandika kwamba kile ambacho Warumi wanakiita Africa, Wagiriki hukiita Libya: majina mawili yamekwisha kukutana juu ya bara moja, kila moja limetoka katika kijiji chake. Tangu hapo moja likakua na jingine likapungua. Afrika, lililokuwa jina la majirani wa mji mmoja, likafuata pwani pamoja na merikebu za Wareno, likazunguka rasi ya kusini mwaka 1488, likapanda hadi kwetu. Libya, lililokuwa jina la bara, likarudi kuwa jina la nchi moja, ambalo Waitalia walilifufua kwa ajili ya koloni lao katika karne ya 20. Hakuna chochote ndani ya mizizi ya majina hayo kinachoeleza kwa nini moja lilishinda. Roma iliishinda Kartago, hilo linatosha.

Tena Afrika si peke yake. Asia lilikuwa jina la sehemu ndogo ya magharibi ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Warumi wakalifanya jimbo lao mwaka 129 K.K., na jina likaendelea kutembea kuelekea mashariki mpaka likafika China. Na sisi tumewatendea wengine hivyo hivyo, jambo ambalo tunalisahau tunapolalamika. Kwa Kiswahili bara la Wazungu ni Ulaya. Neno hili ni la Kiarabu, wilaya, "jimbo, nchi iliyo chini ya mtawala", ambalo tumeliazima mara mbili: mara moja kwa ofisi, tukapata wilaya, na mara moja kwa bara zima, tukapata Ulaya, hapa Katanga husemwa Bulaya. Warumi walichukua jimbo wakalifanya bara la Afrika, na Waswahili wakachukua neno lenye maana ya jimbo wakalifanya bara la Wazungu! Ndugu zetu wa magharibi ya nchi wamefanya hata zaidi. Kwa Kikongo Ulaya ni Mputu, kwa Lingala ni Mpoto au Poto, na asili yake ni Portugal: Wareno walifika mlangoni mwa mto mwaka 1482 pamoja na Diogo Cão, na nchi yao ndogo ikawa jina la Ulaya yote. Msweden leo, akitua Kinshasa, ametoka Mpoto, ingawa hajawahi kuiona Lisbon.

Hii ndiyo kanuni ninayoiona: jina la bara hutungwa na mtu aliyesimama ukingoni, kwa kumtaja yule aliyekutana naye kwanza. Mwenyeji wa ndani halihitaji. Ana jina la kijiji chake, la mto wake na la ukoo wake, na bara zima kwake ni "dunia".

Lugha yetu inatoa ushahidi mzuri wa jambo hilo. Watu wa pwani ya mashariki walifanya biashara na Waarabu kwa karne nyingi na kuazima kwao majina ya nchi nyingi: Misri, Uhabeshi, Uajemi, Bara Hindi. Kama jina la bara lingepitia njia hiyo, leo tungesema "Ifrikia" au kitu cha kufanana nacho. Hatusemi hivyo. Tunasema Afrika, kwa a ya mwanzo na -ka ya mwisho, na sauti hizo ni chapa ya Ulaya: neno limefika kwa kitabu cha shule na kwa ramani ya ukutani, si kwa jahazi. Sababu ni kwamba kwa mabaharia wa Kiarabu Ifriqiya ilikuwa ile nchi ya Kairouan na Tunis. Huku walikuja Zanj na Sawahil, na Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, hakudhani kwamba amefika Ifriqiya. Hata neno "bara" tunaloliweka mbele ya Afrika lilikuwa na kazi nyingine. Mtu wa pwani alisema "bara" kwa upande usio bahari, kule zinakotoka pembe na wapagazi. Sisi wa Kongo tulikuwa bara kabla bara halijawa Afrika.

Neno lilipofika, kila lugha ililivisha kwa mtindo wake. Mfuatano wa konsonanti f na r ni mgeni kwa lugha nyingi za Kibantu, kwa hiyo Waganda waliingiza irabu wakasema Afirika, na Wanyarwanda Afurika. Tusicheke: Warumi wenyewe, kwa jina la mtu mmoja, waliweka irabu kati ya konsonanti hizo hizo wakapata Afer. Wachina walichukua alama ya maandishi yenye sauti ya fei wakasema Feizhou, "bara la Fei". Alama hiyo, ikitumika peke yake, ina maana ya "si" au "kosa", na wapo waliokasirika walipoambiwa hivyo; lakini ilichaguliwa kwa sauti yake tu, kama tunavyoandika jina la mgeni kwa herufi tulizo nazo. Huo tena ni mfano wa maana iliyookotwa katika umbo la neno badala ya historia yake.

Kwa Kiswahili kilichotokea ni kikubwa zaidi ya mavazi. Afrika iliingia ngeli ya 9 kwa utulivu, "Afrika yetu, Afrika imeamka", kisha ikaanza kuzaa: Mwafrika, Waafrika, Kiafrika, Uafrika. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama -ik- iliyo ndani ya neno hili ni ile ya kauli ya kutendeka, kama katika "vunjika". Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa zuri, kwa sababu lilimlazimu kila mtu kulipasua neno: m- ya Kibantu mbele, mzizi wa wenyeji wa kaskazini katikati, na -ik- ya Kilatini nyuma yake. Mtu anayejiita Mwafrika anatamka kiambishi cha Roma katikati ya sarufi ya bibi yake. Na tangu mwisho wa karne ya 19 jina hilo lilikwisha kuwa la wenyewe: Enoch Sontonga alipotunga mwaka 1897, huko Johannesburg, wimbo wa kuiombea baraka, aliandika iAfrika, kwa kiambishi awali cha Kixhosa, bila kuomba ruhusa kwa Scipio.

Nimesema kwamba hapa kwetu jambo hili si la mzaha, na sasa nieleze. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi yetu ilipewa jina la Zaire kwa sababu ya kurudi kwenye uasilia. Mto nao uliitwa hivyo, na fedha ilikuwa imekwisha kuitwa hivyo tangu mwaka 1967. Lakini Zaire ni umbo la Kireno. Ni jinsi Wareno walivyolisikia na kuliandika neno la Kikongo nzadi, "mto mkubwa". Kwa jina la uasilia tukaacha Kongo, jina ambalo ufalme wa kale ulijiita wenyewe, tukachukua kosa la sikio la baharia. Mwaka uliofuata Katanga, jina lililokuwapo kabla ya Wabelgiji, likabadilishwa kuwa Shaba, neno zuri la Kiswahili ambalo nalo asili yake ni Kiarabu. Mwaka 1997 majina yote mawili yaliondolewa, na mwaka 2015 Katanga yenyewe ikagawanywa mikoa minne. Sisemi kwamba Zaire lilikuwa jina baya. Watu walizaliwa chini yake, wakaimba nalo, wakashangilia mpira nalo, na wapo wanaolikumbuka kwa mapenzi. Lilikuwa jina letu kwa sababu tulilitumia. Ninachosema ni kwamba hoja iliyotolewa kwa ajili yake ilikuwa ya etimolojia, na etimolojia hiyo ilisomwa nusu. Hata Azania, jina walilolichagua baadhi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, waandishi wa kale walilitumia kwa pwani yetu ya mashariki, maelfu ya kilomita kutoka Johannesburg.

Wanaotaka leo tuiache "Afrika" kwa sababu ni ya Warumi watuambie kwanza tutafanyaje na "Kiswahili", ambacho ni sawahil ya Waarabu, na "Kongo" iliyoandikwa kwa C au kwa K kutegemea aliyeshika kalamu.

Kuhusu mtihani ule, sikumkata mtu alama. Ningewaadhibu kwa kuniamini. Nimeutoa ukurasa wa orodha katika silabusi na kuweka mahali pake majina matatu, Afri, Libu na Mpoto, pamoja na ramani moja isiyo na maandishi, ili mwanafunzi achore mwenyewe jina limeanzia wapi na limefika wapi. Mmoja wao alinifuata barazani baada ya somo akaniuliza, kwa adabu lakini bila kukubali, maana yenyewe ya Afrika basi ni nini. Nilimwuliza jina lake lina maana gani. Akasema ni la babu yake. Nikamwuliza kama babu alijua maana yake. Akafikiri kidogo, akasema atakwenda kumwuliza shangazi yake Kipushi likizo ikifika.